Kiboksi cha dawa cha siku 7: mwaka na nusu tunakitumia kwa mgonjwa wetu wa akili nyumbani

Jamani habari za leo. Naomba niandike kuhusu kile kiboksi cha plastiki cha kuwekea vidonge, kile kirefu chenye vishimo saba, kila siku na shimo lake na kifuniko chake. Nilikinunua sh 7,000 famasi moja mjini kati. Sio kitu adimu, famasi kubwa nyingi wanacho na maduka ya vifaa tiba pia, na hata jina la kampuni la kueleweka hakina, nyuma kimeandikwa tu kimetoka China. Nimekaa nacho mwaka na nusu sasa, na kila nikiwa kwenye foleni ya kliniki nakuta mtu anaeuguza mgonjwa wa akili nyumbani ananiuliza kama kweli kinasaidia au ni kutupa hela, nikaona bora nieleze vizuri mara moja, maana kwetu kimebadilisha maisha ya nyumba nzima, na kuna mahali pia kilitufelisha vibaya, nitasema yote.

Mgonjwa wetu ni mdogo wangu wa kiume, anaenifuata mimi. Ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti ambazo hazipo. Tunaishi Kirumba hapa Mwanza, huku juu mlimani kwenye mawe, mimi na yeye na mama yetu na wanangu wawili. Kazi yangu ni dagaa, nachukua pale soko la Mwaloni nauza kwa jumla, kwahiyo ratiba yangu inafuata mwezi. Wanaojua dagaa wanaelewa, wakati wa giza wavuvi ndo wanaingia ziwani na taa zao, mzigo unakuwa mwingi na mimi natoka nyumbani saa tisa saa kumi usiku narudi jua limeshazama, mbalamwezi ikiwa kali ndo na mimi nalala kama watu wengine. Sasa hebu fikiria nyumba ambayo mtu wa kutoa dawa ni mimi na mimi sipo nusu ya mwezi, mama ana miaka zaidi ya 70, macho yanasumbua na kusoma hajui.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi, tena mzuri, alikuwa kambini huko visiwa vya Ukerewe. Mwaka 2019 wenzake wakaanza kutupigia simu kwamba hataki kupanda mtumbwi, anasema injini inataja jina lake, usiku anakaa ufukweni anabishana na watu ambao hawapo. Wakamleta Mwanza wamemfunga mikono kwa kamba ya nanga. Ile kamba sijaisahau, ilikuwa ya kijani na imelowa, na vifundo vyake nilivifungua mwenyewe kwa meno. Kilichofuata ni waganga, tulienda mpaka ng'ambo ya Sengerema, siku hizo Kigongo na Busisi tunavuka kwa pantoni daraja bado, kwenda na mgonjwa ambae kila mtu kwenye pantoni anamwangalia na mama anamfunika na kanga kichwani. Miaka miwili ikaenda hivyo na mbuzi wa watu na hela ya mtaji wangu. Simlaumu mama, alikuwa anamtafutia mtoto wake uzima kwa njia anayoijua. 2021 ndo tukafika kliniki ya akili.

Kwa ambae bado yupo kwenye hatua ya kuzunguka, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, sio lazima mpaka Dodoma Mirembe kama watu wanavyodhani, na mtaani mtu akisema "mpelekeni Mirembe" anasema kwa kukutukana, sio kwa kukusaidia. Ugonjwa wenyewe sio wa ajabu pia, Shirika la Afya Duniani wanakadiria skizofrenia inampata kama mtu 1 kati ya 300 duniani. Hebu hesabu mtaa wako una watu wangapi. Wapo, wamefichwa tu ndani.

Haya, turudi kwenye dawa, maana kiboksi bila kuelewa dawa hakina maana.

Alianzishiwa haloperidoli na benzeksoli. Mimi kwa akili yangu nikaona haloperidoli ndo dawa yenyewe, hii nyingine ni ya nyongeza tu, vidonge vyake vidogo na daktari mwenyewe ameeleza haraka haraka, nikasema ngoja niiweke akiba nisimjaze madawa kijana wa watu. Siku ya tatu jioni yuko anakula, naona shingo inajikunja kwenda kushoto, inaenda yenyewe kama kuna mtu anaivuta, macho yakapanda juu yakabaki hapo hapo, ulimi mzito, anatoa mate anajaribu kusema "dada" haitoki. Majirani wakajaa, wakaanza kukemea. Mama analia anasema yamemrudia na sasa yanataka kumvunja shingo. Tukapata bajaji tukamkimbiza hospitali, daktari wa zamu kumwangalia tu akauliza, mgonjwa yupo kwenye haloperidoli? Benzeksoli anakunywa? Nikakaa kimya. Akamchoma sindano, haikuisha nusu saa shingo imenyooka, ameomba maji.

Yale hayakuwa mapepo, ni misuli inakaza kwasababu ya dawa, inawatokea sana vijana wa kiume siku za mwanzo za dozi, na benzeksoli inawekwa pale kwa kazi hiyo hiyo. Nimeeleza kirefu kwasababu najua kuna mtu anasoma hapa na ameiacha ile ya pili kabatini kama mimi. Usiache kidonge chochote kwa kukisia, rudi uulize kila kimoja kinafanya nini. Na mtu aliyekwenye hizi dawa akipata homa kali huku mwili umekakamaa kama ubao na hajielewi, hapo usisubiri asubuhi, kimbiza hospitali muda huo huo na ubebe na dawa zake wazione.

Baada ya hapo nikawa polisi. Sina neno jingine. Kila siku asubuhi nikiwa nyumbani "umekunywa dawa?", nikiwa Mwaloni napiga simu kwa mama "amekunywa dawa?", mama anasema "amesema amekunywa", nikirudi jioni namuuliza tena mwenyewe. Yeye anajibu nimekunywa, mimi namwangalia usoni kuona kama anadanganya. Kuna siku alikuwa kweli amekunywa na mimi sikuamini nikamsimamia akanywa tena mbele yangu, akalala mpaka kesho yake saa nane mchana, nilivyogundua niliogopa sana. Siku nyingine mama alisahau kabisa, wote wawili wana uhakika amekunywa na wote wawili walikuwa wanakumbuka ile ya jana. Siku moja nimemuuliza mbele ya mashemeji walikuja kutusalimia, akarusha kikombe cha uji ukutani akatoka, akanijibu akiwa mlangoni, nanukuu maana sijawahi kusahau, "dada tangu niugue hujawahi kuniuliza kitu kingine." Ilinichoma. Nilikaa na lile neno wiki nzima nikirudisha mazungumzo yetu yote ya mwaka mzima, nikaona kweli, alikuwa sahihi.

Ni sista mmoja wa kliniki aliyeniambia tafuta kiboksi cha siku saba. Ndo nikanunua.

Wiki ya kwanza hakikutusaidia, nasema ukweli. Vifuniko vimeandikwa herufi za kizungu, S M T W T F S, yaani S mbili na T mbili. Mimi mwenyewe nilisimama pale nahesabu kwa vidole. Mdogo wangu alinywa ya Alhamisi siku ya Jumanne, na sio kwamba amechanganyikiwa, hata wewe ungekosea. Tukachukua spiriti ya kidonda na pamba tukafuta zile herufi zikatoka zote, afu akaandika mwenyewe na makapeni kama tunavyoandikiana kwenye simu: J2, J3, J4, J5, Alh, Ijm, Jmosi. Mwandiko wake mzuri, alikuwa ndo anaandika majina ya mitumbwi huko kambini. Kwa mama ambae hasomi tukaweka doa la rangi ya kucha kwenye J2, anajua ile ndo siku ya kanisani na hapo tunaanzia, anahesabu kwenda kulia. Yanafutika kila baada ya mwezi, unaandika upya, sio tatizo.

Na hapo ndo kazi yake ilipoonekana. Mama akiamka anaangalia shimo, likiwa na dawa haijanywewa, likiwa tupu imenywewa. Hamuulizi. Mimi nikirudi saa mbili usiku nanuka dagaa nimechoka napita pale kwenye kabati naangalia, nimemaliza. Simu yangu ya mchana kwa mama ikabadilika, nauliza mmekula nini. Siku ya kwanza nimeingia ndani na sikumuuliza kitu kuhusu dawa alinisubiri niulize, nilimwona anasubiri, nikamwambia sato wamepanda bei leo hatari, akanyanyua kichwa akauliza wa wapi, wa Ukara au wa huku? Tukaongea samaki mpaka ugali ukapoa. Ndugu zangu kama hujawahi kuishi na mgonjwa huwezi kuelewa kwanini naandika habari za samaki hapa, ila alieishi nae anaelewa.

Kujaza tunajaza Jumamosi jioni tukishakula. Mwanzo nilikuwa najaza mimi peke yangu, kosa, kikawa ni kitu changu cha kumsimamia yeye. Sasa hivi anajaza mwenyewe mimi nimekaa pembeni. Anatandika gazeti kwenye mkeka, ananawa mikono, anafungua vifuniko vyote saba vinasimama kama milango ya vibanda vya sokoni. Anasukuma kidonge kutoka kwenye karatasi yake ya bati kwa dole gumba, unasikia ile tak, anaweka, tak, anaweka. Siku mkono unapotetemeka kidonge kinaruka kinaingia chini ya kochi na mwanangu mkubwa ndo anatumwa kukitafuta. Akimaliza anahesabu vilivyobaki kwenye karatasi ananiambia vimebaki vya siku ngapi, na hiyo peke yake imetuokoa mara nyingi, maana zamani tulikuwa tunagundua dawa imeisha siku ambayo imeisha, na ukienda dirishani unakuta hamna hiyo wiki, unaanza kuzunguka mjini famasi moja moja mgonjwa amekaa siku nne bila. Sasa ikibaki ya siku kumi tunaanza kuitafuta.

Mahali kilipotufelisha. Mwezi wa tano wa kukitumia, mashimo yote yako tupu kila siku kwa wakati, mimi nimetulia kabisa. Afu nikaanza kuona hapati usingizi. Nikiamka saa tisa kwenda Mwaloni namkuta amekaa nje kwenye jiwe anaangalia ziwa, nikajiambia labda joto. Halafu akaanza kuzima redio ya mama kila taarifa ya habari ikianza. Mimi hizo dalili zake nazijua, kwake usingizi ndo unaanza kuondoka, redio inafuata, sauti zinakuja mwisho. Nikaenda nyuma ya nyumba, pale mawe mawili makubwa yanapokutana kuna ufa, tulikuwa tunaficha humo vitu tukiwa watoto, nikaingiza mkono nikatoa vidonge kumi na moja. Vingine vimeshalowana vimekuwa unga.

Nilikaa chini pale pale. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya kiboksi kwanza, nilitaka kukitupa bondeni. Ila ukweli kiboksi kilifanya kazi yake, kinaonyesha dawa imetoka kwenye shimo, hakiwezi kuonyesha imeingia tumboni. Mimi ndo nilikuwa nimeacha kuuliza "umekunywa" na sikuweka swali jingine mahali pake. Usiku ule sikumgombeza. Nilimwonyesha mkononi nikamuuliza, mdogo wangu, hii dawa inakufanyaje mwilini? Miaka mitatu anakunywa na hilo swali sikuwahi kumuuliza hata siku moja.

Akasema miguu. Anasema dada miguu inawaka kwa ndani, sio maumivu, siwezi kukaa, nikikaa mwili mzima unataka kusimama, nikisimama unataka kutembea, nikilala ndo mbaya zaidi. Mimi nilikuwa namwona anatembea tembea uani nikawa nasema ndo ugonjwa wenyewe huo, kumbe ndo dawa. Tukaenda kliniki akaeleza mwenyewe kwa mdomo wake, daktari akasema hiyo inajulikana kabisa kwa haloperidoli na wagonjwa wengi wanaacha dawa kwasababu hiyo na ndugu wanaona ni ukaidi. Akabadilishiwa akapewa olanzapini, kidonge kimoja usiku. Daktari akatuambia na habari za sindano za kuchoma mara moja kwa wiki kadhaa au mwezi, kwa mtu ambae vidonge vya kila siku vinamshinda, akamuuliza mdogo wangu anataka ipi. Alimuuliza yeye, hakuniuliza mimi. Akachagua kidonge, na toka siku hiyo ufa wa mawe nimeuangalia mara mbili tu, hauna kitu, nikaacha kuangalia.

Olanzapini nayo ina mambo yake tusidanganyane. Njaa. Alikuwa kilo 61 sasa ana 72, anaweza kumaliza ugali wa watu watatu akauliza na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, iko wapi. Kliniki wanampima uzito na sukari, na tumepunguza soda tumeongeza kutembea, tunashuka wote mpaka ziwani tunapanda, ule mlima peke yake ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani wanasema wenye skizofrenia wanakufa mapema mara 2 hadi 3 zaidi ya watu wengine, na sehemu kubwa ni magonjwa ya kawaida ya moyo na sukari na maambukizi ambayo hakuna aliyeyaangalia, kila mtu anaangalia kichwa tu. Na sigara pia, sikujua kama moshi wa sigara unapunguza nguvu ya olanzapini mwilini, kwahiyo mgonjwa akiongeza au akiacha sigara mwambieni daktari, usikae nayo.

Sasa kuhusu chenyewe kiboksi kama bidhaa. Plastiki ni nyepesi. Kifuniko cha J5 bawaba ilikatika mwezi wa pili tu, tukakifunga na mpira ule wa kufungia vifuko vya dagaa na mpaka leo ndo kiko hivyo. Vifuniko vingine vimekaza sana, mama vidole vyake haviwezi, anatumia mpini wa kijiko. Mashimo ni madogo, kama mgonjwa wako anakunywa asubuhi na jioni usinunue hiki, kuna vya safu mbili, asubuhi juu na jioni chini, nimeviona vya sh 12,000, ongeza hela chukua hicho maana ukichanganya za asubuhi na jioni kwenye shimo moja umerudi kule kule.

Unyevu. Huku ziwani wakati wa masika kila kitu kinavuta maji, chumvi inalowa, viberiti vinalowa, na hiki kiboksi hakibani hewa. Vidonge vya wiki moja vinastahimili, usijaze vya mwezi mzima. Na sio kila dawa inatolewa kwenye karatasi yake. Mama mmoja tunaekutana nae kliniki mwanae anatumia Epilim, dawa ya kifafa, alivitoa vidonge vyote akapanga vizuri kwenye kiboksi, baada ya siku tatu vinanata vinameguka, kumbe hiyo dawa inanyonya unyevu na inatakiwa ibaki kwenye bati lake mpaka dakika ya kunywa. Yeye sasa anakata karatasi kwa mkasi kidonge kimoja kimoja na bati lake juu anaingiza hivyo hivyo. Kabla hujatoa chochote kwenye pakiti yake uliza famasi. Na kiboksi kikae mbali na jua, nyumba zetu hizi za bati katikati ya mawe saa nane mchana unajua mwenyewe joto lake, chetu kiko chini ndani ya kabati la vyombo.

Samahani, kilikuwa chini. Sasa kiko juu, na hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza: HAKINA KUFULI. Mwanangu mdogo alikuwa na miaka mitatu, nilimkuta anacheza nacho kama kayamba, amefungua Ijm, vidonge viko kwenye kiganja anaviangalia. Havikuwa vimeingia mdomoni, namshukuru Mungu kila siku, kidonge kimoja tu cha hizi dawa kinaweza kumuweka mtoto pabaya. Kwahiyo kabati la juu na mlango wenye kitasa. Na pakiti kubwa, ile ya mwezi, usiiache pamoja na kiboksi. Yetu iko kwenye sanduku langu lenye kufuli. Nilimweleza mdogo wangu kwanini, sikumzunguka, nilimwambia kuna siku zako mbaya na siku hizo sitaki dawa nyingi iwe karibu yako, akasema sawa, akasema hata mimi sitaki. Watu wenye ugonjwa huu wengine wanajaribu kujiua, tusione haya kulitamka, kwenye kiboksi kuna ya wiki tu na mara nyingi ni chini ya hapo.

Jambo jingine kinaonekana ndani, ni cha kioo kioo. Mgeni akiingia anaona dawa anauliza nani anaumwa. Mdogo wangu hakupenda, akakishonea kifuko cha kitenge cha mama cha kukaza na kamba. Kwahiyo ukipata cha rangi isiyoonyesha ndani chukua, ila kumbuka mama ataangaliaje bila kufungua, sisi tulipima tukaona kionekane na kiwe na kifuko.

Siku ukisahau, inatokea, usimnyweshe mbili kufidia. Sisi tulielekezwa anaendelea na ya siku hiyo kama kawaida, shimo lililobaki linaachwa hivyo hivyo na dawa yake ndani mpaka Jumamosi tunaliona wote tunajua wiki hii tulikosa moja. Tukikosa siku mbili napiga simu kliniki.

Kuhusu wapi pa kununua, famasi ya kwanza niliyoingia nilimwambia dada wa kaunta nataka kiboksi cha kupangia dawa za siku saba na haloperidoli, akageuka akapaza sauti kwa mwenzake nyuma "eti zile za vichaa zipo?" Foleni nzima ikageuka, na mdogo wangu amesimama nyuma yangu. Nilimshika mkono tukatoka. Ya pili ndo nilinunua, siwataji kwasababu mwenye duka kaniomba, anasema wateja wake wa dawa hizi wanakuja kwake kwa kuwa hakuna anaejua wananunulia wapi. Yule baba alimwangalia mdogo wangu akamsalimia yeye kwanza, akamwuliza wewe ndo utakitumia? Akatoa vitatu akaviweka juu ya kaunta, jaribu mwenyewe kufungua, kipi hakijakaza. Alijaribu vyote vitatu taratibu, nyuma kuna watu wanasubiri na yule baba hakumharakisha.

Mwezi wa nane mjomba wetu alifariki Nansio, kule Ukerewe. Mimi ilikuwa giza, mzigo umeshalipiwa, mama hawezi safari ya maji. Mdogo wangu akasema nitaenda mimi. Nilikaa kimya muda, akili yangu inaona ile kamba ya kijani. Akaenda kwenye kabati akatoa kiboksi, akakitikisa sikioni, akasema zipo za siku tano na mimi nakaa siku nne. Nilimsindikiza mpaka kwenye meli, kifuko cha kitenge kiko mfuko wa ndani wa koti, akapanda, akaenda kukaa upande wa dirisha, upande wa maji. Siku nne sikupiga simu kuuliza dawa hata mara moja, nilipiga kuuliza msiba, nani kafika, wamezikia wapi, wamekula nini. Aliporudi alinikuta nimelala, akakiweka kiboksi mezani pembeni ya kichwa changu, vifuniko vinne viko wazi.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya bawaba na hizo herufi za kizungu, na mtengenezaji yeyote wa hapa nchini akitoa chenye siku za Kiswahili na kifuniko ambacho mtoto hawezi kufungua lakini bibi anaweza, nanunua siku hiyo hiyo na nawanunulia na wenzangu wa kliniki. Jumamosi nashuka mjini kuchukua kingine maana mpira wa J5 nao umechoka, na mwenyewe kaomba safari hii kiwe cha bluu.